Neno Sanaa na Fasili za Wanafunzi Wake

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona humu makala juu ya ngeli, lahaja na tenzi, na pengine watashangaa kumwona mtu wa isimu akiingia karakana ya wachoraji na wachongaji. Sikuingia kwa kujialika. Mwenzangu mmoja, afundishaye sanaa za ufundi katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja, aliniletea bunda la karatasi za wanafunzi wake akaniomba nizisome. Hakutaka niwape alama, kwani alama alikwisha kuzitoa. Alitaka nimwambie kama Kiswahili chao ndicho kibovu au kama fikira zao ndizo zilizopotoka. Masomo yao yote huendeshwa kwa Kiingereza, ila safari hii aliwataka waandike kwa lugha wanayosemea karakanani. Swali lilikuwa la maneno matatu tu: Sanaa ni nini?

Nimezisoma karatasi hizo mara mbili. Jawabu nililompa ni kwamba Kiswahili chao si kibovu, wala fikira zao si potofu. Lakini baina ya Kiswahili chao na fikira zao pana ufa, na katika ufa huo kimepotea kitu kikubwa bila ya wenyewe kujua. Makala haya yanakusudia kukitafuta kitu hicho na kueleza kwa nini kupotea kwake si jambo dogo.

Nianze na majibu yenyewe. Sitayanukuu wala sitayahesabu, maana ni karatasi za mtihani na si mali yangu. Lakini kwa maana yake yanagawanyika kwa urahisi katika mafungu manne.

Fungu la kwanza lasema kwamba sanaa ni uzuri, au ufanyaji wa vitu vizuri. Jawabu hili ni la kale na lina heshima yake, lakini kivumishi chenyewe ni kipana mno katika lugha yetu. Chakula huwa kizuri, habari huwa nzuri, na bahari wakati wa machweo ni nzuri bila ya mkono wa mtu yeyote kuigusa. Kwa upande mwingine, zitazameni sanamu za mashetani zichongwazo na Wamakonde kwa mpingo, ambazo mwanzo wake, katika miaka ya mwisho ya 1950, hutajwa pamoja na jina la mchongaji Samaki Likankoa. Macho yamechomoza, midomo imekwenda upande, viungo vimeota mahali pasipo pake. Mchongaji hakutaka ziwe nzuri; alitaka zitishe na zichekeshe kwa pamoja, akafaulu. Fasili ya uzuri hulikaribisha jua la jioni ndani ya nyumba ya sanaa na kuliacha shetani la mpingo mlangoni.

Fungu la pili lasema kwamba sanaa ni kutoa nje hisia zilizo moyoni. Hapa nyuma ya wanafunzi nazisikia sauti za Ulaya ya karne ya 19, na hasa ya Tolstoy, ambaye katika kitabu chake juu ya suala hilihili alishikilia kwamba kazi ya sanaa ni kumwambukiza mtu mwingine hisia aliyokuwa nayo mtendaji. Si fikira ya kubezwa. Walakini mfiwa anayelia na malenga anayetunga utenzi wa maombolezo wote wawili wana hisia, na huenda ya mfiwa ndiyo kali zaidi. Kinachomtenga malenga na mfiwa ni jambo jingine ambalo karatasi hazikulitaja: mizani, vina, na miaka aliyokaa akiwasikiliza waliomtangulia.

Fungu la tatu lasema kwamba sanaa ni kufikisha ujumbe kwa jamii. Asili ya jawabu hili naijua vema, maana ni sisi watu wa Kiswahili tulioipanda. Tumewafundisha watoto wa sekondari kuikata kila kazi ya fasihi vipande viwili, fani na maudhui, na kuutafuta ujumbe kama mtu atafutaye mfupa katika nyama. Mwanafunzi aliyetoka darasa la fasihi akaingia darasa la uchoraji amekuja na kisu chake kilekile. Sasa na aitazame kanga. Kanga ina jina lake, na jina hilo ni ujumbe usiojificha. Lakini pindo na mji wa kanga havina neno hata moja, na mnunuzi huigeuza nguo dukani akaitazama rangi na pindo, asiridhike na jina peke yake. Kama ujumbe ungekuwa ndio sanaa yote, karatasi yenye maneno yale yale ingetosha kuvaliwa.

Fungu la nne ni la wale waliosoma zaidi. Hao wasema kwamba sanaa ni chochote ambacho msanii amekiita sanaa, na shahidi wao ni Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 alipeleka katika maonyesho ya New York chombo cha kukojolea cha kiwandani kilichotiwa sahihi ya jina la kubuni. Chombo hicho hakikuonyeshwa, na tangu siku hiyo hakijaacha kuzungumzwa. Ninakiri kwamba kisa hicho ni kikubwa, lakini kama fasili kinazunguka mahali pamoja: sanaa ni kazi ya msanii, na msanii ni afanyaye sanaa. Tena kitendo cha Duchamp kilikuwa na nguvu kwa sababu alikuwa akibisha mlango uliokuwapo. Palikuwa na kumbi, palikuwa na waamuzi, palikuwa na watu walioamini kwamba vitu vya kiwandani havina haki ya kupita hapo. Anayebisha mahali pasipo na mlango hupiga hewa.

Mafungu haya manne yanapingana, lakini yana kimya kimoja. Sikuona karatasi iliyotaja mkono, wala ala, wala mti, udongo au nguo, wala mtu aliyemfundisha mwandishi kazi yake. Neno ufundi linaonekana mara kwa mara, lakini kila linapoonekana limeletwa ili likanwe: sanaa si ufundi, sanaa imepita ufundi, fundi hurudia na msanii hubuni. Hapo ndipo ulipo ufa niliousema.

Sasa niwarudishe wasomaji katika uwanja wangu, kwa kuwa neno lenyewe lina ushahidi wake. Sanaa tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa kufanya na kuunda kwa ujuzi. Kamusi sanifu ya mwaka 1939 iliyotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson yalieleza neno hili kwa kuuweka ustadi na kazi ya mikono mahali pamoja, bila ya ukuta. Kando yake lilikuwapo neno msana, ambalo leo halisikiki sana, kwa maana ya mhunzi, mfua vyuma. Kwa hiyo, kwa masikio ya wazee wetu, mfua jembe na mtia nakshi mlangoni walikuwa majirani katika neno kabla ya kuwa majirani mtaani.

La kustaajabisha zaidi ni safari ya maneno haya mawili, sanaa na fani. Mwarabu wa leo anapozungumza juu ya sanaa ya mchoraji hutumia fann, neno lililotupa fani. Na neno la ukoo wa sanaa amelipeleka viwandani, likawa ndilo jina la uzalishaji wa mashine. Sisi tumekwenda njia ya pili. Fani tumeipa kazi ya tawi la elimu na ya umbo la kazi ya fasihi, na sanaa tukaipandisha kiti cha juu. Watu wawili walirithi vyombo vilevile, mmoja akakitia chai kile ambacho mwenzake anakitia mafuta. Hakuna kosa katika hilo. Lugha ndivyo zilivyo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba chombo tulichokichagua kwa mambo ya juu kilitoka karakanani, na harufu ya karakana haijakitoka.

Na hilo neno fundi, linalofukuzwa katika karatasi hizi, ni la nani? Ni la ukoo mmoja na kufunda na kufundisha. Tena, kama kulinda kunavyotoa mlinzi, na kupenda kunavyotoa mpenzi, ndivyo kufunda kunavyotoa mfunzi, yaani mwenye kufunza; na mwana wa mfunzi ni mwanafunzi. Basi kijana aandikaye juu ya karatasi yake kwamba yeye ni mwanafunzi wa sanaa, kisha chini yake akaandika kwamba fundi si mtu wa sanaa, amelikana katika mstari wa pili jina alilojipa katika mstari wa kwanza. Hafanyi hivyo kwa ujeuri. Anafanya hivyo kwa sababu fasili aliyonayo haikutoka katika lugha aliyoiandikia.

Mtaa nao umetoa hukumu yake, na mtu wa isimu hana ruhusa ya kuipuuza. Ukisema msanii leo, wengi watafikiri kwanza mwimbaji au mchezaji wa filamu, na mchongaji watamkumbuka baadaye. Tena katika mazungumzo ya Tanzania, kumwambia mtu kwamba anafanya usanii ni kumwambia kwamba anakuhadaa: ahadi nyingi, maonyesho mengi, kitu hakuna. Ufundi haukupata msiba huo. Mtu akisifiwa kwamba ana ufundi amesifiwa kweli, awe mshonaji, mpishi au mchezaji wa mpira. Naona katika tofauti hiyo onyo la watu wasiosoma vitabu vyetu: usanii uliokatwa mkono wake hubakia maneno, na maneno matupu jina lake ni udanganyifu.

Huenda wanafunzi wakanijibu kwamba etimolojia si sheria, na kwamba ulimwengu mzima sasa hutenga sanaa na ufundi. Nalikubali la kwanza. Juu ya la pili nasema kwamba hata huko Ulaya utengano huo ni kijana kuliko wanavyodhani. Techne ya Wayunani na ars ya Warumi zilikuwa pana kama sanaa yetu ya kale. Ndani yake walikaa seremala, mganga na mchonga sanamu. Ni katika karne ya 18 ndipo uchoraji, uchongaji, ushairi, muziki na ngoma zilipokusanywa kuwa jamaa moja na kutengwa na kazi nyingine, na kitabu cha Charles Batteux cha mwaka 1746 ni mojawapo ya alama kubwa za tukio hilo. Paul Oskar Kristeller aliieleza historia hii kwa makala mawili ya mwaka 1951 na 1952 ambayo hadi leo huwafungua macho wengi. Kwa hiyo kinachofundishwa kana kwamba ni tabia ya ulimwengu ni desturi ya mahali fulani yenye tarehe yake. Desturi yaweza kufuatwa, lakini kwanza ijulikane kuwa ni desturi.

Kwetu Afrika Mashariki desturi hiyo iliingia kwa mlango unaojulikana. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa London, alianza kufundisha uchoraji na uchongaji huko Kampala, na mafunzo yake yakakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Imani yake ilikuwa kwamba wanafunzi wasitwishwe kanuni za Ulaya, bali wachore kutokana na hadithi na maisha waliyoyajua. Na kazi za mikono za wenyeji alizithamini kiasi cha kutoa, pamoja na Klaus Wachsmann, kitabu kikubwa juu ya kazi hizo za Uganda mwaka 1953. Mikononi mwake walipita Gregory Maloba, aliyetengeneza sanamu ya ukumbusho wa uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962. Sam Ntiro, aliyewachora Wachaga wakiwa kazini chini ya migomba yao. Na Elimo Njau, aliyechora picha za ukutani za kanisa la Murang'a. Trowell alipoondoka mwaka 1958 alimfuata Cecil Todd, ambaye alipindua utaratibu: historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi na kanuni za mpangilio zikawa msingi wa masomo.

Watu wamebishana sana juu ya nani kati ya hao wawili alikuwa na haki. Mimi naona jambo ambalo mabishano hayo hulifunika. Wote wawili, kwa ukarimu au kwa ukali, walikuja na fasili tayari, na kwa Kiingereza. Hata kwa Trowell, aliyempenda fundi wa kijijini, fundi huyo alibakia kisima ambacho mwanafunzi angeteka maji, na msanii ni mtekaji. Jina linaloitwa shule ile, Shule ya Margaret Trowell ya Sanaa za Viwanda na Sanaa Nzuri, limeunganisha kwa kiungo cha "na" vitu ambavyo neno letu moja lilikuwa halijavitenga. Vilevile nchini Tanzania istilahi ya serikali kwa uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ufumaji ni sanaa za ufundi. Lugha ya ofisi imekumbuka jambo ambalo darasa limelisahau.

Yote haya yangaliweza kuwa mjadala wa maneno tu kama si kijana mmoja. Sitamtaja jina wala kwao. Yatosha kusema kwamba ametoka katika ukoo wa wachonga milango wa pwani. Mwenzangu alinipeleka siku ya maonyesho ya kazi za mwisho, na kijana huyo alikuwa ameleta mfaa, ile nguzo ya katikati ya mlango ambayo mabawa mawili hukutana juu yake, umechongwa kwa mti wa mvule na kusimamishwa ukutani peke yake bila ya mlango. Tangu juu hata karibu na chini umejaa nakshi za maua na mnyororo. Chini kabisa, kiasi cha shubiri mbili, nakshi zilikoma ikabaki mistari ya penseli juu ya mti mtupu.

Wenzake walipopewa nafasi ya kusema, mmoja alisema kwamba hii ni fenicha. Mwingine akasema kwamba ni ufundi mzuri lakini haoni sanaa ndani yake, kwa kuwa maua hayo yamechongwa tangu zama za mababu. Waamuzi walimwandikia kwamba kazi yake haikukamilika, na alama zake zikafuata hukumu hiyo. Kijana hakujitetea.

Watu walipotawanyika nilimwuliza kwa nini mistari imeachwa. Akajibu akiwa anautazama mti, hanitazami mimi. Alisema kwamba alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa akichora nakshi yote kwa penseli, akaichonga mwenyewe mpaka karibu na chini, kisha akamwachia yeye kipande cha mwisho, mahali ambapo macho ya wageni hayafiki na kosa la mtoto halimwaibishi mwenye nyumba. Hapo ndipo alipojifunza kushika patasi. Alisema kwamba ua lisizidi kina cha ukucha wa kidole gumba. Ukizidi, mti hulia. Alisema kwamba ukilazimisha patasi dhidi ya mkondo wa nyuzi, mti hukataa, nawe sharti umzunguke kwa adabu. Kipande cha chini alikiacha kwa makusudi, kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaja kukichonga.

Nilirudi nyumbani nikaitafuta karatasi yake katika bunda. Ilikuwa katika fungu la pili. Aliandika, kwa hati safi, kwamba sanaa ni kueleza hisia za ndani za mtu binafsi, na kwamba kazi ya kurudia mifano ya wazee haiwezi kuitwa sanaa. Hapakuwa na neno juu ya penseli, wala ukucha, wala kipande cha chini. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe fasili iliyomtoa baba yake nje ya nyumba, na kwa fasili hiyo hiyo waamuzi walimtoa na yeye.

Ndicho kitu nilichosema kimepotea katika ufa. Kijana huyu ana fikira ya sanaa yenye kina kuliko nyingi nilizozisoma vitabuni: kwamba kazi hupokewa, hufanywa kwa kusikilizana na kitu, na huachiwa mwingine nafasi. Fikira hiyo aliweza kuichonga, na aliweza kuisema kwa Kiswahili safi alipoulizwa juu ya mti. Alipoulizwa juu ya sanaa alinyamaza nayo, akaazima fikira ya watu wengine. Wahenga wetu walisema kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Lakini chuo ni mahali pa kunena vilevile, na aliyenyimwa maneno ya vitendo vyake atahukumiwa kwa maneno ya wengine.

Insafu yanidai niwasikilize na wale waliomhukumu, maana hofu yao ina msingi. Wameona mitaani kazi zinazorudiwa bila ya roho: vinyago vile vile kwa mamia, picha za twiga zilizokaushwa juani zikingoja watalii. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zilizokuwa zikipakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya bei nafuu, alikuwa ameamua jambo lisiloamuliwa na mwingine. Alikufa mwaka 1972, na jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo, hata mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaandikishwa. Katika waliomfuata wamo walioongeza, na wamo wanaonakili tu. Elimo Njau, aliyeanzisha na wenzake jumba la Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, jina linalocheza na paa wa porini na kitendo cha kupaa, amejulikana miaka yote kwa kukemea unakili. Wanafunzi wanapoandika kwamba fundi hurudia, ni kunakili huko wanakokuogopa, na mimi nakuogopa pamoja nao.

Lakini kunakili na kurithi si kitu kimoja. Anakilie hutazama kazi iliyokwisha, akatafuta ifanane; macho yake yako kwenye matokeo. Arithiye huwekwa mkono juu ya patasi na mwenye kujua, akapewa njia, na njia hiyo humfikisha mahali ambapo lazima aamue mwenyewe: ua hili liishie wapi, mti huu unataka nini, kipande cha chini nimwachie nani. Maua ya kijana wetu ni ya kale; uamuzi wake ni wa mwaka huu. Kumwambia kwamba amerudia ni kama kumwambia malenga kwamba amerudia kwa sababu ametumia mizani ya babu zake.

Yaweza kusemwa kwamba sanaa haifasiliki kabisa, na mwanafalsafa Morris Weitz alitetea maoni ya namna hiyo mwaka 1956, kwamba dhana hii iko wazi na kila kazi mpya yaweza kuipanua. Sina ugomvi na maoni hayo. Lakini mwanafunzi anayetakiwa kujibu atajibu, na heri ajibu kutoka karakanani mwake. Kama ningelazimishwa kuandika karatasi yangu mimi, ningesema hivi: sanaa ni kazi ya ujuzi uliopokewa, iliyofanywa kwa kukijua kitu kinachofanyiwa kazi, ambayo mtendaji ameitia uamuzi wake mwenyewe unaoonekana. Kitu hicho chaweza kuwa mti, udongo, nguo, sauti au lugha. Aliyejifundisha mwenyewe naye amepokea, kwa macho kama si kwa mkono. Anayenakili ameukosa uamuzi; anayetamka tu kwamba hiki ni sanaa hana budi atuonyeshe alichokipokea na anachokijua. Fasili hii ina matundu yake na wasomaji watayaona, lakini angalau haimfukuzi mtu aliyetufundisha kushika ala.

Kwa walimu wa sanaa nina maombi mawili. La kwanza, swali la sanaa ni nini lisiulizwe siku ya kwanza. Aulizwe kwanza mwanafunzi: nani alikufundisha mkono, na alikukataza nini? Makatazo ya mafundi ni nadharia iliyofupishwa. Katika "ua lisizidi ukucha" mna somo zima la kivuli na mwanga. La pili, maneno ya karakana yakusanywe na kufundishwa kama istilahi. Yako majina ya sehemu za mlango, ya namna za kusuka ukili, ya hali za udongo kabla ya moto. Wengi wanaoyajua ni wazee, na kamusi zetu zimeyapata machache. Kazi hiyo si ya watu wa sanaa peke yao. Ni yetu sisi wa isimu pia, na ninakiri kwamba tumechelewa kuianza.

Mwenzangu amenipa habari kwamba alama za yule kijana hazibadiliki, kwa kuwa kanuni haziruhusu. Mfaa wake ameuchukua akarudi nao nyumbani. Sijui kama baba yake ataona kuwa haukukamilika. Nadhani ataitazama ile mistari ya penseli na kuelewa mara moja. Wala hatahitaji fasili. Lakini wale wengine walio darasani, ambao hawakuwa na baba wa kuwaachia kipande cha chini, wanaihitaji, na sisi tunaowapa maneno tunapaswa kuwapa yaliyo na mkono ndani yake.